Mafundi wa Zege Kuukuu

Zege la njia ya gari likichakaa, wengi hudhani dawa ni kulivunja na kumwaga jipya. Fundi anayejali mfuko wako hupita kwanza na nyundo, akigonga huku ametega sikio. Palipo na mlio wa debe tupu, tabaka la juu limeachana na la chini. Hapo ndipo tindo hufanya kazi. Kisha burashi ya waya, vumbi puani, na madoa ya oili kusuguliwa kwa sabuni ya unga. Hatua hii haionekani kazi ikiisha, na ndiyo wababaishaji wanayoiruka. Miezi michache baadaye tabaka jipya linabanduka. Fundi wa kweli hulowesha zege la zamani, hupaka niru ya saruji, na kabla haijakauka hutandaza saruji na mchanga uliochekechwa, hupiga bapa, kisha huburuza fagio juu ili tairi zisiteleze mvua ikinyesha. Kuhusu nyufa zinazotokana na udongo kutitia, hukwambia wazi kwamba zitarudi. Bado kuna kumwagilia magunia yaliyofunika kazi, siku 7, maana saruji hukomaa kwa maji. Mkipatana bei, usimkate ujira wa siku hizo.