Njeo si kipimo cha kesho: Kumsoma upya Mbiti

Marehemu Prof John Mbiti, kasisi na mwanafalsafa mzawa wa Kitui, alichapisha African Religions and Philosophy mwaka wa 1969 akifundisha Makerere. Humo alikopa maneno mawili ya Kiswahili, ‘sasa’ na ‘zamani’, kuwa istilahi zake. Alidai kwamba wakati wa Mwafrika wa jadi huelekea nyuma. Mbele haupiti miezi michache, au miaka miwili hivi. Ushahidi wake? Njeo za Kikamba na Gikuyu.

Hapo ndipo ninapogoma. Kukosa njeo si kukosa wazo. Kitenzi cha Kiingereza chenyewe hakina umbo la wakati ujao. Huegemea ‘will’, neno ambalo asili yake ni kutaka. Nani amewahi kusema kwamba Mwingereza hana kesho? Nasi Waswahili tuna -ta- moja tu, inayohusishwa na kitenzi hichohicho cha ‘kutaka’. Itazame katika ‘atakayekuja’. Tunasema ‘atakuja kesho’ na pia ‘kiyama kitafika’. Umbali hautokani na kitenzi, hutokana na muktadha.

Hebu tuwasikilize wazee wa Kinandi hapa Eldoret. Majina yao ya marika ni saba: Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige na Nyongi. Yakiisha huanza upya, na mzunguko mmoja hukaribia karne. Mzee anaweza kukutajia marika ya vilembwe ambao hawajazaliwa. Hiyo ni miaka miwili kweli?

Mtetezi wa Mbiti atasema huo ni mzunguko tu, si safari ya kwenda mbele. Sawa. Lakini nani aliamua kwamba kesho ya haki ni ile iliyonyooka kama reli? Teolojia ya Kikristo ilichora mstari kutoka uumbaji hadi hukumu ya mwisho. Katika karne ya 18, wanafalsafa wa Zama za Mwangaza waliurithi, wakauita maendeleo. Mwaka wa 1780, Mjerumani Lessing aliufananisha ufunuo wa Mungu na elimu anayopewa mtoto, ila huyu mtoto ni binadamu wote.

Mbiti aliitetea dini ya Mwafrika mbele ya waliyoiita ushenzi, na kwa hilo tunamshukuru. Ila alipofika kwenye wakati, aliipima kwa rula yao. Wanafunzi wanaomnukuu waikague kwanza hiyo rula.