Somo Usilolichagua

Wapo watu wanaofungua Biblia kama wanaocheza bahati nasibu: macho wamefumba, kidole kinashuka, na pale kilipotua ndipo Mungu aliposema. Hata hapa Kiritiri, huku Mbeere katika Kaunti ya Embu, wapo. Siwacheki. Mwenye karo ya shule inayomsubiri na mvua isiyoonekana ana haki ya kutaka jibu la haraka. Ila ufundi ninaousifu hapa ni mwingine, na wanaoujua si wahubiri wa vipaza sauti. Ni akina mama na wazee wa jumuiya ndogo ndogo, wanaokutana katika boma la mmoja wao na kusoma somo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelichagua.

Hapo ndipo penye siri yenyewe. Tangu mageuzi ya liturujia yaliyofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Wakatoliki wana ratiba moja ya masomo. Jumapili huzunguka kwa miaka mitatu. Siku za kawaida za wiki somo la kwanza huzunguka kwa miaka miwili, na Injili hurudi ileile kila mwaka. Linalosomwa Kiritiri ndilo linalosomwa Mombasa. Ratiba haijui shamba lako, haijui uliyegombana naye jana, na kwa hiyo inaweza kukuambia jambo ambalo wewe mwenyewe usingelitafuta.

Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, chini ya AMECEA, umoja wa mabaraza yao, walikubaliana kwamba jumuiya hizi ziwe kipaumbele cha uchungaji. Baadaye zikaenea hatua saba za kusoma Neno zilizotoka taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Hatua ninayoipenda ni ya tatu. Somo limekwisha kusomwa, taratibu, na msomaji amenyamaza. Sasa kila mmoja anaokota neno au kifungu kilichomgusa, anakitamka kwa sauti mara tatu kama sala, na kati ya mara moja na nyingine panakuwa kimya. Haelezi. Hahubiri. Mgeni utamjua papo hapo, maana ataanza na "Hapa Mungu anatufundisha kwamba..." Cucu, yaani bibi, aliyezoea hutamka maneno mawili, akayarudia, akakunja mikono. Kuzuia ulimi namna hiyo si kazi ndogo, hasa kwetu tunaopenda kupewa nafasi ya kusema machache.

Chukua wiki moja ya Mei 2024. Kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, na huku Mbeere watu wakashika vichwa. Hii ni nchi kavu: ndengu na mtama hutegemea mvua, na mvua ina visa vyake. Muguka huvumilia ukame, na majani yake machanga huchumwa tena na tena, hivyo nyumba nyingi zimesomesha watoto kwa mmea huo. Pwani nao walikuwa na kilio chao, cha vijana wanaoshinda wakitafuna. Jumatano ya wiki hiyo, tarehe 22, somo la kwanza lilitoka Waraka wa Yakobo, sura ya nne: wale wanaopanga safari ya mji fulani, wafanye biashara na kupata faida, ilhali ya kesho hawayajui.

Nani angelichagua? Mkulima wa Kiritiri angekwenda kutafuta zaburi ya kumlaani adui. Mzazi wa Mombasa angelishika somo hili kama hukumu tayari: mmesikia, wafanyabiashara! Wote wawili wangekosea kwa njia moja, kwa kuligeuza Neno kuwa wakili wao. Yakobo hataji muguka. Biblia yote haiutaji. Aliyezoea ufundi huu hulichukua somo jinsi lilivyo, akajiuliza linamgusa yeye wapi, kabla ya kuliangalia linamgusa nani mwingine.

Tena hana haraka. Ignasi wa Loyola, aliyeandika juu ya kupambanua roho katika karne ya 16, alionya kwamba moyo ukiwa umevurugika usibadili uamuzi uliofanya ulipokuwa umetulia. Ushauri huo ungewafaa sana waliotaka kung'oa mashamba wiki ile, na waliotaka kufunga barabara pia. Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku muda mfupi baadaye, na magari yakaendelea kuteremka Pwani. Wapo walioliita hilo jibu la Mungu. Mimi naliita amri ya mahakama. Mapenzi ya Mungu juu ya muguka bado yanahitaji watu wa kukaa na kuyatafuta, wakulima na wazazi wa Pwani pamoja, na sioni kwamba wamekwisha kuketi.

Kuna kitu, lakini, kilichokuwa wazi tangu mwanzo. Geuza ukurasa tu: sura ya tano ya waraka huohuo inafungua kwa kuwakemea matajiri, na mstari wa nne unataja ujira wa wavunaji uliozuiliwa, unaopiga kelele hadi kwa Mungu. Hapo hapahitaji kupambanua kwa muda mrefu. Wewe mwenye shamba uliyekuwa ukiuliza Mungu anataka nini juu ya muguka, angalia kwanza daftari lako. Kama kuna mchumaji anayekudai, mlipe leo, kisha njoo jumuiyani tuendelee na yale magumu.