Bahari Baada ya Chakula cha Mchana

Mwaka jana niliandika aya nne kuhusu Bagamoyo kwa kampuni moja ya utalii ya Dar es Salaam. Nilikuwa muhula wa pili wa shahada ya uzamili ya fasihi, ada nimelipa nusu, na rafiki akaniunganisha na watu waliokuwa wanatafuta mtu wa kuwaandikia kwa Kiingereza maelezo ya safari zao za siku moja. Walilipa kwa idadi ya maneno na walilipa kwa wakati. Sikuuliza maswali mengi.

Aya zile nimezisoma tena mara nyingi tangu siku hizo, na hapa nataka kuzihakiki kama ninavyofundishwa kuhakiki kazi za wengine. Sababu ya kwanza ni kwamba kwa upande wa baba mimi ni mtu wa Bagamoyo, na bibi yangu bado anaishi huko. Sababu ya pili nitaieleza mbele.

Maelezo ya safari ya siku moja ni utanzu kamili, hata kama hakuna chuo kinachoufundisha. Soma kumi, la kumi na moja utaliandika ukiwa umefumba macho. Jua lazima liwake. Bahari iwe ya buluu. Mji uwe "umesahauliwa na wakati", ingawa una benki, bajaji na foleni ya kununua luku. Vitenzi vyote viko katika wakati ujao na vyote ni mali ya mgeni: utatembea, utagundua, utaonja, utapumzika. Wenyeji hawana vitenzi, wana tabasamu tu. Nilipozihesabu aya zangu nilikuta vitenzi kumi na tisa vya mgeni na kimoja tu cha mwenyeji, nacho kilikuwa "wanakukaribisha".

Utanzu huu una msuko pia, nao ni ratiba. Yangu ilikuwa hivi. Saa 1 asubuhi kuondoka Dar es Salaam, mwendo wa kama kilomita 70. Saa 3, magofu ya Kaole: misikiti na makaburi ya karne nyingi, na mbuyu ambao mwongozaji atakuambia ukiuzunguka unajiongezea miaka. Kisha Misheni ya mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa. Kisha Caravan Serai, mahali pa misafara, na boma la Wajerumani la mwaka 1897. Saa 7, samaki wa kuchoma na wali wa nazi. Saa 8 hadi saa 10, ufukwe. Halafu nyumbani.

Angalia mpangilio huo. Huzuni yote iko kabla ya chakula cha mchana. Minyororo, kaburi, mti wa kunyongea watu, vyote vinamalizwa kabla samaki hajafika mezani, na bahari inakuja baadaye kuosha. Sikuupanga mimi, niliukuta. Lakini niliuandikia sentensi za kuunganisha, na ile niliyoipenda kuliko zote ilisema, kwa tafsiri yangu: "Baada ya kuigusa historia, acha mawimbi yauguse moyo wako." Nilijiona mwandishi.

Jumamosi moja kampuni iliniomba niambatane na wageni sita kama msaidizi. Mwongozaji alikuwa kaka wa makamo, msomaji, mwenye subira na maswali, na sina la kumlaumu. Tulipofika Caravan Serai alisimama kivulini akasema kwamba jina la mji linatokana na "bwaga moyo", kwa sababu mtumwa alipoiona bahari alijua hatarudi tena kwao, akauacha moyo wake hapa. Mgeni mmoja mama alifuta machozi. Maneno yale, karibu neno kwa neno, yalikuwa yangu. Nami niliyatoa kwenye maelezo ya kampuni nyingine, ambayo nayo bila shaka ilikuwa imeyatoa kwingine.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Kubwaga, kwa Kiswahili tunachokisema kila siku, ni kutua kitu kwa mara moja, bila kukipembeleza. Mchukuzi hubwaga mzigo. Mtu aliyechoka hujibwaga kitini. Aliyekata tamaa hubwaga manyanga. Mwanamieleka humbwaga mwenzake. Kwa hiyo "bwaga moyo" yaweza kuwa kilio, na yaweza pia kuwa pumzi ya aliyefika: tua, tulia, safari imekwisha. Maana zote mbili husimuliwa mjini. Niliziona zote mbili nilipokuwa naandika, nikachagua moja, kwa sababu moja ndiyo iliyokuwa na machozi ndani yake.

Maana niliyoiacha ina watu wengi nyuma yake. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora, na mizigo mikubwa ya njia ile ilikuwa pembe za ndovu zikishuka pwani, na vitambaa, shanga na nyaya zikipanda bara. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi, anaonyesha kwamba wengi wa wabebaji wa njia hiyo, Wanyamwezi hasa, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, wenye ujuzi, nidhamu na desturi zao za barabarani. Maelfu walipiga kambi hapa wakisubiri msafara wa kurudi. Hao ndio wangeweza kubwaga moyo kwa maana ya kupumua, kwa kuwa mzigo umefika na ujira upo.

Sisemi kwamba watumwa hawakupita. Walipita, waliuzwa, wengine walivushwa kwenda Unguja, wengine walibaki kulima mashamba ya pwani hii hii, na biashara iliendelea kwa kificho hata baada ya Sultani Barghash kulazimishwa kuifunga kwa mkataba wa mwaka 1873. Tatizo la sentensi yangu si kwamba ilisema uongo mtupu. Ilimfanya mtumwa kuwa hisia, na mpagazi ikamfuta kabisa. Mpagazi hana kazi katika utanzu huu, maana mtu anayedai ujira wake hamlizi mtalii.

Hata Misheni tulifanya vivyo hivyo. Mnarani pale ndipo mwili wa David Livingstone ulipolazwa Februari 1874. Alikuwa amefariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake waliutoa moyo wake wakauzika kule kule chini ya mti, wakaukausha mwili na kuubeba kwa miezi karibu tisa hadi pwani. Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao wengi. Katika aya zangu waliitwa "wafuasi waaminifu". Wainwright alisafiri na jeneza hadi Uingereza. Chuma na Susi walifika huko mazishi yameshapita. Nilikuwa na hadithi ya moyo ulioachwa kweli, ardhini, na watu waliochagua kutembea, nikaiacha kwa ajili ya etimolojia ya kuokota.

Mwenye kuhakiki anatakiwa aonyeshe kwamba njia nyingine ingewezekana. Inawezekana, na ilishaandikwa, tena na mtu wa hapo hapo. Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa Dunda, Bagamoyo. Safari yake ya Udoe na Uzigua imo katika *Safari za Wasuaheli*, kitabu alichokihariri Mjerumani Carl Velten mwaka 1901, na mwaka 1903 likafuata *Desturi za Wasuaheli*, ambalo sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro. Nilimsoma kwa ajili ya semina moja, wiki ile ile niliyokuwa nahesabu vitenzi vyangu.

Mtoro si malaika. Anawatazama watu wa bara kwa jicho la muungwana wa pwani, na jicho hilo lina dharau yake. Lakini anapofika kwenye utumwa hautengi kuwa kituo cha huzuni. Unakaa kitabuni pamoja na uzazi, jando, harusi, ngoma na madeni. Mtumwa kwake ana daraja: kuna mjinga, aliyeletwa karibuni na hajui lugha, na kuna mzalia, aliyezaliwa hapa hapa. Ana kazi, ana haki chache na makatazo mengi, anaoa, anaishi nyumba ya pili kutoka hapa. Ukurasa wake hauna machozi, na ndiyo maana unatisha. Utumwa unaonekana ulivyokuwa: jambo la nyumbani.

Mtoro mwenyewe alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Alipojaribu kurudi na mke wake Mjerumani utawala wa koloni uliwakatalia, wakarejea Ujerumani, akafia Berlin mwaka 1927. Katika safari zote nilizoambatana nazo sijasikia jina lake likitajwa Bagamoyo. Mwandishi wa safari aliyezaliwa pale, na sisi tunawasomea wageni aya za mwanafunzi mwenye deni la ada.

Sasa sababu ya pili.

Jumamosi ile, gari lilipoondoka na wageni saa 10, mimi nilibaki nilale kwa bibi. Alikuwa barazani anachambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Wale wake wenzangu wa Kizungu umewaacha wapi?"

Nilicheka, nikakaa mkekani, na kwa kujisifu nikamwambia kwamba maneno wanayosomewa ni yangu. Akataka kuyasikia. Nikamtafsiria aya moja baada ya nyingine. Kwenye "ufukwe tulivu" akanikatiza.

"Ufukwe wa nani huo?"

"Wa hoteli, bibi."

"Aa," akasema, akaendelea kutoa mawe. Baba mdogo hununua samaki mnadani. Ufukwe anaoujua bibi una kelele kuliko stendi.

Nilipofika kwenye watumwa na moyo uliobwagwa hakunikatiza. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Nani anasoma haya?"

"Wageni, bibi. Yako kwa Kiingereza."

"Basi hakuna neno."

Nimelifikiria jibu hilo mwaka mzima. Wakati ule nililipuuza, nikauliza kwa utani, je, yangekuwa kwa Kiswahili? Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Akaniambia kwamba katika mji ule kila mtu anajua mwenzake ni mjukuu wa nani, na kila mtu anajua lipi halisemwi. Nikadhani amemaliza. Kisha, bila kunitazama, akasema kwamba bibi yake yeye, aliyemlea na kumfundisha kusuka ukili, alipewa jina la siku. Si siku aliyozaliwa. Siku aliyofikishwa.

Akalitaja jina lenyewe. Halafu akasimama kwenda kuinjika maji.

Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Nilikuwa naijua tarehe hiyo kama ninavyojua tarehe za mitihani. Sikuwahi kufikiri kwamba kati yake na mimi kuna mwanamke mmoja tu, na yuko jikoni. Lile ninaloliuza kwa sauti kwa wageni, kwa neno moja senti kadhaa, nyumbani kwetu halinong'onwi, na mji mzima umejijenga juu ya adabu ya kutolinong'ona. Sijui kama adabu hiyo ni vibaya. Iliwalinda watoto wa wazalia wasidharauliwe misikitini na kwenye posa. Lakini ndiyo iliyoniacha nikaandika "watumwa" kana kwamba naandika habari za watu wengine.

Niliziandika upya aya zile. Niliwaweka wapagazi na ujira wao, nikawataja Chuma na Susi kama watu wa kazi, nikamweka Mtoro. Na ratiba niliigeuza: bahari kwanza, asubuhi, soko la samaki likiwa na watu wake, Kaole, Misheni na Caravan Serai baada ya chakula, ili mgeni arudi Dar es Salaam nazo kichwani, kwenye foleni ya Tegeta, bila mawimbi ya kumfariji. Jibu la kampuni lilikuwa la heshima. Walisema maelezo ni mazuri, ila safari lazima iishie ufukweni, mgeni asipande gari akiwa na huzuni. Aya za zamani bado zinatumika. Nililipwa kwa zote mbili.

Siwacheki wanaokwenda. Nendeni Bagamoyo, nauli ni ndogo na pweza ni mtamu. Ninachoomba ni mmwulize mwongozaji swali moja ambalo ratiba haina: hao watu waliokwenda wapi baada ya kufika? Akiwa mkweli atanyoosha mkono kuelekea mtaani.

Kabla ya kutuma makala haya nilimpigia bibi simu kumwomba ruhusa. Akauliza ni kwa lugha gani. Nikamwambia, Kiswahili. Alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani salio limekwisha.

"Andika," akasema. "Ila jina lake usilitaje."

Sijalitaja.