Kofia nyeupe ya Uppsala

Wandugu, niseme wazi: Valborg ya wanafunzi wa Uppsala, kule Uswidi, tarehe 30 Aprili, ilinifurahisha na ikanikasirisha. Asubuhi wanashuka mto Fyrisån na vyombo walivyojitengenezea. Wengine wanaanguka majini, watu wanacheka. Saa tisa, mbele ya maktaba Carolina Rediviva, vijana na wazee wanavaa kofia zao nyeupe mara moja. Pale machozi yalinitoka. Kisha wakaanza kumwagiana shampanye! Mimi mtu wa agronomia, hiyo sikuiweza: jasho la mkulima linamwagwa chini. Lakini kofia wanaivaa tena kila mwaka. Sisi toga ni siku moja, picha, basi. Miaka mitano ikipita hatujuani tena. Shampanye tuwaachie. Kukutana kila mwaka, hiyo tuwaige.