Kumcheka mchuuzi au kucheka naye?
Kumcheka mtu si sawa na kucheka naye. Kwa tofauti hiyo nazipima picha za wachuuzi wa mitaa ya London alizochora Paul Sandby kwa rangi za maji, kisha akatoa chapa 12 mnamo 1760. Maandishi ya chapa mojawapo yananadi samaki: watatu peni 4, wanne peni 6. Hebu piga hesabu, msomaji: anayenunua zaidi ndiye anayepunjwa! Atakayesema Sandby anawadhihaki maskini, simuungi mkono. Hapa anayechekwa ni mteja asiyejua kuhesabu. Mchuuzi ameachiwa silaha yake, yaani ulimi. Picha inayomnyima mnyonge kauli ndiyo kejeli. Hii ni ucheshi.