Nikizima Sauti
Nimeshaitazama The Gods Must Be Crazy (1980) mara nyingi mno, na lile gari lisilo na breki bado linanivunja mbavu. Ninayenichosha siku hizi ni msimulizi. Anamweleza Xi kwa sauti ya filamu za wanyama, eti watu wake hawajui kumiliki kitu. Wakati Jamie Uys anaitengeneza, enzi za makaburu, Wasan walikuwa wamekwishanyang'anywa ardhi. Juzi nilizima sauti. Akabaki N!xau na uso wake. Anairusha ile chupa ya Coca-Cola angani, miungu waichukue, inarudi chini. Anaikodolea macho. Nilicheka hadi machozi, na safari hii hakuna aliyekuwa ameniambia nimchekeje.