Mtunzi, Hadhira na Mtandao

Wapo wanaodai kuwa anayetoa kazi yake kwenye blogu au Facebook si mwandishi, kwa kuwa hajapitia kwa mhariri. Dai hili lina upungufu. Muyaka bin Haji (1776-1840) hakuwa na mchapishaji. Mashairi yake yalisikika hadharani Mombasa, na malumbano yakawa sehemu ya utunzi wenyewe.

Mfano wa karibuni ni Andy Weir wa Marekani. Kuanzia 2009 aliitoa riwaya yake *The Martian* sura baada ya sura kwenye tovuti yake. Wasomaji walimwonyesha makosa ya kisayansi, naye akayarekebisha. Mwaka wa 2011 aliiuza kama kitabu cha kielektroniki. 2014 kampuni kubwa ikaichapisha. Hapa tunaona hadhira tendi, sifa tuliyozoea kuihusisha na fasihi simulizi. Hivyo basi, mtahiniwa asiharakishe kuiita kazi ya mtandaoni fasihi andishi kwa sababu tu ina maandishi.

Hata hivyo, tahadhari ipo. Tungo za Muyaka zilitufikia kwa kuwa Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor walizikusanya, na diwani ikachapishwa 1940, miaka 100 baada ya kifo chake. Simu ikiharibika au akaunti ikifungwa, nani atakuwa Sikujua wa mtunzi wa leo? Mwalimu, wahimize wanafunzi wako wapokee masahihisho kuliko sifa, na kila shairi walilolituma walinakili daftarini pamoja na tarehe.